39/Smooth ya Green Day: nyimbo kumi zilizofichwa ndani ya CD ya nyimbo 19

Watu wengi huifikia 39/Smooth, albamu ya kwanza ya bendi ya Marekani ya Green Day, kwa kurudi nyuma. Huanza na albamu yao ya Dookie ya 1994, wakashuka hadi Kerplunk iliyoitangulia, kisha wakatua hapa wakitegemea gitaa lile lile nene na ngoma zile zile zinazotikisa kifua. Wanachokuta ni gitaa jembamba linalokata masikio, besi iliyokaa nyuma ya pazia, na sauti ya kijana wa miaka 17 inayoyumba kila noti inaporefuka. Wimbo wa tatu haujaisha, wameshazima. Wanapoteza kitu kizuri, na lawama si zao peke yao. Albamu hii ina vizingiti viwili mlangoni: jinsi ilivyorekodiwa na jinsi inavyouzwa. Ukivijua vyote viwili unabaki na dakika 31 za pop panki, yaani panki yenye melodi za pop, ambamo uwezo wa kutunga melodi umeshakomaa kabla ya mikono, sauti na mfuko kukomaa.

Tuanze na studio. Billie Joe Armstrong (gitaa na uimbaji) na Mike Dirnt (besi na sauti ya pili) wamezaliwa wote 1972 na kukulia Rodeo, mji mdogo wa California wenye kiwanda cha kusafisha mafuta, kando ya ghuba ya San Francisco. Mpiga ngoma wa wakati huo, John Kiffmeyer, aliwatangulia kwa umri na kwa uzoefu, maana alishapiga na bendi ya Isocracy. Jina lake la jukwaani, Al Sobrante, ni mchezo wa maneno juu ya mji wake, El Sobrante. Mwanzoni bendi iliitwa Sweet Children. Larry Livermore wa lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Lookout! aliwaona wakipiga mbele ya vijana wa kuhesabika kwa vidole, wakijituma kana kwamba uwanja umejaa, akaamua kutoa rekodi zao. Nyumbani kwao kimuziki palikuwa 924 Gilman Street, Berkeley, ukumbi unaoendeshwa na watu wa kujitolea, usiouza pombe na usiopokea bendi zenye mkataba na lebo kubwa.

Waliingia studio ya Art of Ears, San Francisco, tarehe 29 Desemba 1989, wakatoka tarehe 2 Januari 1990. Siku tano. Prodyuza alikuwa Andy Ernst, na gharama yote haikufika dola 700. Albamu ikatoka Aprili 1990.

Kwa bajeti ya namna hiyo, muda ndio unaokosekana kwanza. Bendi yenye miezi studioni hujaribu ngoma ndogo ya kati tatu nne mpaka ipatikane inayofaa wimbo, hupanga maikrofoni upya, hurudia gitaa la kulia na la kushoto mpaka yashikane kama ukuta. Bendi yenye siku tano hupiga kile ilichokizoea jukwaani, huongeza sauti na vipande vya gitaa juu yake, halafu huchanganya nyimbo zote kwa karibu mpangilio mmoja. Ndivyo 39/Smooth inavyosikika. Mkwaruzo wa gitaa una ukali mwingi wa juu na nyama kidogo chini. Matoazi yanamwagika juu ya kila kitu kwenye viitikio. Ngoma ya mguu inasikika kama kidole kinachogonga meza kuliko kama pigo. Wimbo wa kwanza na wa kumi vina sauti ile ile, hivyo sikio lisilo na subira huona nyimbo zote zinafanana.

Hazifanani. Ndipo penye utamu wa albamu hii.

At the Library inafungua kazi kwa kisa chepesi kabisa: kijana amemwona msichana maktabani, anatamani amsemeshe, naye anaondoka. Ni dakika mbili na nusu hivi, lakini angalia melodi inavyopanda kwenye sehemu ambayo bendi nyingine za panki wa mwaka ule zingepiga kelele. Armstrong anaimba kweli. Don't Leave Me inafuata bila kupumua, fupi vilevile, ikiwa na ombi lililo wazi kwenye jina lake. Nyimbo hizi mbili zinaonyesha fomula ya bendi: kodi za gitaa chache (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), mdundo wa mbio, na juu yake melodi ambayo ungeweza kuipiga kwa mluzi bila gitaa lolote. Huo ndio mtihani mzuri wa pop panki kwa ujumla. Ondoa mkwaruzo, ondoa kasi. Kama kilichobaki bado ni wimbo, bendi inajua kazi yake.

I Was There, ambayo maneno yake yaliandikwa na Kiffmeyer, ina mtazamo wa mtu anayepekua kumbukumbu zake, na kwa sababu hiyo inapumua tofauti kidogo na majirani zake. Si wimbo wa kwanza ambao mtu angeuchagua, ila ukiwa nafasi ya tatu unafanya kazi nzuri ya kuvunja mfululizo wa nyimbo za kumlilia msichana.

Disappearing Boy ndio wimbo wa kwanza mkubwa humu. Mada ni kijana anayejiona hana mahali, anayeingia chumbani na kuhisi kama hayupo. Mada ya kawaida ya ujana, lakini hapa muziki unaibeba: ubeti umebanwa, halafu kiitikio kinafunguka kwa sauti mbili, Armstrong chini na Dirnt juu. Sauti ya Dirnt ndiyo siri ambayo wasikilizaji wengi hawaitambui. Haipambi tu, mara nyingi ndiyo inayokipa kiitikio kimo chake. Jaribu kusikiliza kiitikio ukifuata sauti ya juu peke yake, kisha rudia ukifuata ya chini. Utaona ya chini ikiachwa peke yake inakaribia kuwa mazungumzo, na ya juu ndiyo inayoufanya ukwame kichwani.

Kisha wimbo wenye jina la bendi, Green Day, ambao unahusu siku iliyopotea kwenye moshi wa bangi na mawazo ya msichana. Unaufunga upande wa kwanza wa santuri. Gitaa humu linapewa nafasi ya kutembea, na hapa tuseme jambo ambalo mashabiki wa albamu za baadaye hushangaa wakilisikia: Armstrong wa 39/Smooth anapenda solo. Zinajitokeza mara kwa mara, fupi, za noti moja moja, nyingine zikiwa na vidole vinavyokimbia kuliko vinavyoweza. Baadhi zinateleza. Zilizo nzuri ni zile zinazorudia melodi ya kiitikio kwa mabadiliko madogo badala ya kujaribu kuonyesha kasi. Alipoziacha baadaye hakukosea, ila humu zina uchangamfu ambao usingeutaka uondolewe.

Going to Pasalacqua unafungua upande wa pili, na huu ndio wimbo bora wa albamu, bila ubishi mkubwa. Jina limetoka kwenye nyumba ya kuandaa mazishi iliyoko Benicia, ng'ambo ya maji kutoka eneo walikokulia. Wimbo wenyewe unahusu mtu anayependa tena na asiyejua kama aukamate wakati huu au auache upite. Kuuweka mkanganyiko wa mapenzi chini ya jina la mahali pa maiti ni uamuzi wa mwandishi aliyekomaa kuliko umri wake. Kimuziki, kila kilicho kizuri kwenye bendi kimekutana hapa: ubeti una melodi inayojitegemea, kiitikio hakingoji muda mrefu, besi ya Dirnt inajaza mapengo kati ya kodi kwa noti za kupandisha, na ngoma hazijichanganyi. Anayetaka kujua ni kiasi gani cha udhaifu wa albamu kimetokana na studio na kiasi gani na utunzi, aulinganishe wimbo huu na toleo lililomo kwenye albamu yao ya moja kwa moja ya 2011. Kodi ni zile zile, melodi ni ile ile. Kilichobadilika ni uzito wa gitaa, ngoma za Tré Cool, aliyemrithi Kiffmeyer, na pumzi ya mwimbaji. Wimbo wenyewe haukuhitaji kurekebishwa.

16 unazungumzia hofu ya kuzeeka, ukiwa umeandikwa na mtu ambaye hakuwa amefikisha miaka 18. Ungetarajia uchekeshe, haufanyi hivyo, kwa sababu hofu ya kuona miaka 16 inapita na haitarudi ni ya kweli kwa aliye nayo. Kasoro yake ni mwendo: ngoma na gitaa zinavutana kidogo kwenye mapito, yaani vipande vya kuvukia kutoka sehemu moja ya wimbo hadi nyingine, na mchanganyo wa sauti hauna pa kuficha. Road to Acceptance, kuhusu tamaa ya kukubaliwa na watu, ndio mahali pa kumsikiliza Dirnt. Kama spika zako zinameza besi, wimbo huu unapoteza nusu ya thamani yake.

Rest ndio wimbo dhaifu. Ni wa polepole, umejaa kulalama, na polepole ndipo sauti changa inapoumbuka, kwa kuwa kila noti ndefu inabaki uchi. Bendi hii baadaye ilijifunza kupiga taratibu vizuri sana. Mwaka 1990 ilikuwa bado. The Judge's Daughter unarudisha kasi na kumaliza albamu kwa dakika mbili na nusu zilizojaa nguvu, msichana akiwa tena chanzo cha kichwa kuzunguka. Ukihesabu, nyimbo nyingi kati ya hizi kumi zinamhusu "wewe" asiye na uso. Huo ndio upungufu halisi wa uandishi humu: hisia ni za kweli lakini hazina anwani. Kwenye Kerplunk, miezi ishirini hivi baadaye, Welcome to Paradise tayari una mtaa, una hofu ya kuondoka nyumbani na una barua ya maneno kwa mama. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya studio.

Kuhusu ngoma, mashabiki hupenda kumweka Kiffmeyer kwenye mizani na Tré Cool, aliyechukua kiti baada ya Kiffmeyer kwenda chuo. Tré Cool ana mapito mengi, ana uchokozi, anaufanya ubeti wa kawaida kuwa tukio. Kiffmeyer anashika mstari. Kwa bendi yenye gitaa moja na vijana wawili wanaojifunza kuimba huku wakipiga, kushika mstari ndiko kulikohitajika. Pale albamu inapoonekana inakimbia, sikiliza tena: mara nyingi ni mkono wa kulia wa gitaa unaotangulia, na ngoma ndizo zinazoirudisha.

Sasa kizingiti cha pili, namna inavyouzwa. Mwaka 1991 Lookout! ilichukua albamu hii, EP mbili za bendi (rekodi fupi za nyimbo nne kila moja, 1,000 Hours na Slappy) na wimbo mmoja uliotoka kwenye mkusanyiko wa bendi mbalimbali, ikaviweka pamoja kwenye CD na kaseti yenye jina 1,039/Smoothed Out Slappy Hours. Jina ni hesabu na mshono: 1,000 Hours, 39/Smooth na Slappy zimefumwa pamoja. Toleo hili ndilo lililosambaa zaidi, na ndilo unalokutana nalo kwenye huduma nyingi za kusikiliza mtandaoni. Nyimbo ni 19, karibu saa nzima. Kwa mnunuzi mwenye haraka ni faida. Kwa albamu ni hasara, kwa sababu iliundwa kama dakika 31 zenye mwanzo na mwisho, na saa nzima ya sauti ile ile nyembamba inamchosha hata mpenzi wa kweli.

Dawa ni rahisi. Mpangilio wa CD ni huu: wimbo wa 1 hadi wa 10 ni 39/Smooth kamili, kwa mfuatano wake wa asili, wa 11 hadi wa 14 ni Slappy, wa 15 hadi wa 18 ni 1,000 Hours, wa 19 ni I Want to Be Alone. Kwa hiyo weka mashine isimame baada ya wa 10. Ukitaka pumziko dogo ambalo santuri humpa msikilizaji anapogeuza upande, simama baada ya Green Day, wimbo wa 5. Siku nyingine, ukitaka kuisikia bendi ikikua, anza na wa 15 hadi wa 18, kwani 1,000 Hours ni ya 1989 na ilitangulia albamu. Rudi kwenye wa 1 hadi wa 10. Malizia na wa 11 hadi wa 14. Utasikia mambo mawili kwa njia hiyo. Kwanza, 1,000 Hours ina utamu wa mapenzi uliopitiliza, na albamu inaukata kwa kiasi. Pili, Slappy inaanza kunusa Kerplunk: Paper Lanterns na 409 in Your Coffeemaker zina utulivu na uhakika ambao nusu ya 39/Smooth haina. Slappy pia ina Knowledge, wimbo wa bendi ya Operation Ivy, wakubwa wao wa Gilman. Wameupunguza kasi na kuusogeza mbali na asili yake, nao unawafaa.

(Mtindo huu wa kugundisha EP nyuma ya albamu waliurudia kwenye CD ya Kerplunk, ambayo nyimbo zake nne za mwisho ni EP ya Sweet Children, huku Kiffmeyer akiwa ngomani. Anayesikia ngoma zimebadilika ghafla mwishoni mwa Kerplunk asidhani masikio yamemdanganya.)

Ukiacha santuri ya 2009 tutakayoifikia mwishoni, matoleo yapo manne ya kujua. Santuri ya kwanza ya Lookout! ya 1990 yenye nyimbo kumi. CD ya 1991 yenye 19. CD hiyo hiyo iliyosafishwa sauti upya na kutolewa 2004. Mwaka 2005 bendi iliondoa rekodi zake Lookout! kwa sababu ya malipo ya mirabaha yaliyokuwa hayajatolewa, na mwaka 2007 CD ikatoka tena chini ya Reprise, lebo kubwa ya bendi tangu Dookie. Usafishaji wa sauti hauwezi kurudisha besi ambayo haikuingia kwenye utepe, kwa hiyo usinunue toleo jipya ukitumaini litakuwa Dookie. Mwenye CD ya zamani iliyo safi hana sababu ya kuibadilisha.

Kwa upande wa kusikiliza, marekebisho madogo kwenye kisawazisha sauti (ikwalaiza) yanasaidia sana. Ongeza kati ya desibeli 2 na 3 kwenye eneo la hezi 80 hadi 120, ambako besi na ngoma ya mguu vimekonda. Punguza desibeli 2 hivi kwenye kilohezi 3 hadi 4, ambako gitaa linachoma. Usiguse juu ya hapo: ukiongeza, matoazi yatafunika maneno, ukipunguza sana, sauti ya Dirnt itazama, na bila hiyo viitikio vinalala chini. Kosa la kawaida ni kuongeza besi nyingi kwa wakati mmoja. Rekodi haina kitu cha kutosha huko chini, kwa hiyo unachokiongeza ni mvumo mtupu. Spika za kawaida zilizoko mbali kidogo zinaitendea haki albamu hii kuliko vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa hewa ya chumba inalainisha ule ukali.

Wapiga gitaa wanaoanza watapata humu shule bora kuliko Dookie. Karibu kila kitu kimejengwa kwa kodi za nguvu: noti ya msingi, noti ya tano yake, na oktavu (noti ile ile ya msingi, ya juu zaidi) ikihitajika. Umbo ni moja, linahama tu kwenye shingo ya gitaa. Ugumu uko mkono wa kulia. Kwenye beti, kiganja kinagusa nyuzi karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, ili kuzima mlio. Kikisogea mbele kwa upana wa kidole, noti inakufa na kubaki mgongano tu. Kwenye kiitikio kiganja kinaachia. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoufanya wimbo uonekane umeongezeka nguvu, hata bila mtu kugusa kitufe cha sauti. Armstrong alitumia gitaa lake la bluu la Fernandes, lenye umbo la Stratocaster na pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya koili mbili karibu na daraja. Gitaa lolote lenye pikapu ya aina hiyo litakusogeza karibu. Mkwaruzo uwe mdogo kuliko unavyodhani. Ukiuzidisha, noti ya tano inamezwa, kodi zinageuka tope, na mapito ya haraka ya At the Library hayatambuliki tena. Na kabla ya kulaumu vidole, linganisha nyuzi zako na rekodi yenyewe kwa sikio, kwa sababu rekodi za bei nafuu za utepe hazikai sawasawa na kipimo cha mashine kila mara.

Anza na Don't Leave Me, kisha Disappearing Boy, uiache Going to Pasalacqua mpaka uweze kupiga na kuimba kwa pamoja. Aliye na mwenzake wa kushika sauti ya juu amfundishe mapema. Mpigaji wa pekee atapata kodi zote sawa na bado atajiuliza kwa nini kiitikio hakifanani na cha kwenye rekodi.

Anayetaka kitu cha kushika mkononi, chaguo letu ni toleo la santuri la Reprise la 2009. Lilitenganisha tena kilichounganishwa 1991: albamu ya nyimbo kumi kwenye santuri yake, na 1,000 Hours na Slappy kila moja kwenye santuri yake ndogo ya inchi 7. I Want to Be Alone haimo, na haikuwa sehemu ya albamu tangu mwanzo. Ukinunua lililotumika, hakikisha vipande vyote vitatu vimo ndani ya jalada, maana hizo ndogo huuzwa peke yake na kubwa ikabaki. Na kabla ya kushusha sindano kwenye zile za inchi 7, soma kasi iliyochapishwa kwenye karatasi ya katikati. Ukikosea, sauti ya Armstrong itakuwa ya mtoto au ya mzee, na Knowledge hutaitambua kabisa.